Mashine ya Chumba cha Masikio

Mimi sina subira, na nalisema mapema ili mtu asije akaniuliza baadaye. Kazini wananiita Moto, na si kwa kunipenda. Nikipewa kompyuta thelathini na mbili nizikague kwa siku moja, nazikagua zote thelathini na mbili na chai nakunywa. Wenzangu wawili walipewa ishirini kila mmoja, wakaanza kulalamika hata mabegi hawajafungua.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Makao makuu walitaka kila kompyuta ya hospitali ihamie kwenye mfumo endeshi mpya kabla ya wiki kwisha, kwa sababu ule wa zamani haulindwi tena dhidi ya virusi na wezi wa mitandaoni. Sisi mafundi tulipita chumba kwa chumba na fomu. Unachomeka diski yako ya nje, unawasha programu ya ukaguzi, inapima yenyewe. Kumbukumbu inatosha? Mashine si ya kizee mno? Nafasi ipo, angalau giga thelathini? Kila kinachofaa kinapata tiki ya kijani. Mwishoni kuna swali moja ambalo mashine haiwezi kujijibia, lazima umuulize anayeitumia: kuna programu yoyote hapa isiyoweza kuhama? Ukimaliza unasaini, unaunakili mfumo mpya humo ndani, unaupangia saa ya kuanza, unaondoka.

Chumba cha masikio nilikifikia saa tatu asubuhi. Mwenye chumba ni mtaalamu wa usikivu tunayemwita Bi Polepole, na jina hilo tulimpa kwa haki kabisa. Hata kifuniko cha kalamu anakifunga kama anafunga jeraha. Alikuwa na mgonjwa kwenye kibanda cha kioo. Akaniinulia kiganja, yaani nisubiri.

Aa wapi! Nisubiri, na vyumba ishirini na saba vinaningoja? Nikakaa kwenye kiti chake, nikachomeka diski. Tiki za kijani zikashuka moja baada ya nyingine, nafasi giga arobaini na tano, raha tupu. Chini kabisa kwenye kona ya skrini, upande wa kulia, kulikuwa kumebandikwa plasta ya kidonda. Nikadhani kioo kimepasuka. Lile swali la mwisho nikalijibu mwenyewe: "Hakuna." Nikasaini, nikaunakili mfumo mpya, nikaupangia uanze saa kumi jioni, nikampungia mkono kupitia kioo. Akanipungia. Dakika kumi na moja tu, na nilijisifu njia nzima mpaka chumba kilichofuata.

Sasa niwaambie kuhusu mama mkwe wangu, maana saa nane mchana siku hiyohiyo alikuwa na miadi kwenye chumba hicho.

Miaka minane iliyopita homa ya uti wa mgongo ilimuulia masikio yote mawili. Madaktari wakampandikizia kifaa cha kusikia. Nusu moja imelala chini ya ngozi ya kichwa, nusu nyingine inavaliwa nyuma ya sikio. Lakini kifaa peke yake ni chuma. Kinachokifanya kisikie ni ile wanayoiita ramani, yaani vipimo vya kila sauti iingie kwa nguvu kiasi gani, na hakuna watu wawili wenye ramani moja. Ya mama mkwe ilichukua miaka miwili kutengenezwa, miadi baada ya miadi, mpaka akaanza kututofautisha kwa vishindo vya miguu.

Wiki tatu kabla ya siku hiyo, nusu ya nje ilimchomoka ikatumbukia kwenye beseni la nguo. Ikafa papo hapo. Mpya ilikuwa imeshafika lakini tupu, inangoja kutiwa ramani yake.

Hizo wiki tatu, jamani! Mama mkwe ni fundi cherehani, na kumbe cherehani alikuwa akiiendesha kwa sikio zaidi ya jicho. Siku ya tano sindano ilimpita kwenye kidole. Siku ya tisa pikipiki ilimpigia honi nyuma yake, akaendelea kutembea katikati ya njia, kijana akaishia mtaroni. Nyumbani akawa anapiga kelele kwa sababu hajisikii, na sisi tunamwandikia kwenye daftari. Asubuhi ya siku ile, nilipokuwa natoka kwenda kazini, aliniambia kwa sauti iliyowatoa majirani nje: "LEO IKISHINDIKANA USINIPELEKE TENA! NIMECHOKA KUTAZAMA MIDOMO YA WATU. NITAKAA HIVIHIVI MPAKA NIZIKWE." Namjua. Akisema kitu mbele ya majirani harudi nyuma.

Miadi ya saa nane ilianza saa tisa, kama kawaida ya chumba kile. Nilikuwa nimebakisha kompyuta mbili tu, nikaziacha nikaenda kukaa naye. Bi Polepole alimkalisha, akampachika kifaa kipya nyuma ya sikio, akakiunganisha kwa waya na kompyuta. Ikafunguka programu moja ya zamani, ya rangi ya kijivu, sijapata kuona mfano wake.

"Kifaa cha ndani kina pointi ishirini na mbili za sauti," aliniambia. "Nazipima moja moja kwanza, ndipo naingiza ramani. Nikiingiza bila kupima, sauti ya kwanza itampiga kofi ndani ya kichwa."

"Itachukua muda gani?"

"Utakaochukua."

Mama mkwe akapaza: "MWAMBIE AHARAKISHE KIDOGO, CHAKULA SIJALA!" Nikaandika kwenye daftari: *Anajitahidi.* Akasoma, akaguna.

Saa tisa na robo, pointi ya tano, kikaibuka kisanduku katikati ya skrini. *Mfumo mpya utaanza kuwekwa baada ya dakika 45.*

"Hii nini?" akauliza Bi Polepole.

"Ah, hiyo ni yangu," nikasema, tena kwa maringo. "Nimekuwekea asubuhi. Kesho utakuta mashine mpya kabisa."

Akaacha kupima. Halafu, polepole, akaibandua ile plasta ya kwenye kona. Kioo hakikuwa kimepasuka. Chini ya plasta ilikuwapo tarehe ya kompyuta, na ilikuwa nyuma miaka sita.

"Wewe," akasema. "Kwenye fomu yako hakuna mahali pa kuniuliza?"

Nikalikumbuka lile swali la mwisho.

Akanieleza, na kwa mara ya kwanza alisema haraka. Kampuni iliyotengeneza programu ile ilikufa zamani. Leseni yake iliisha, na hakuna tena wa kuiuza. Hospitali iliahidiwa programu nyingine, ikaahidiwa, ikaahidiwa. Yeye akaona wagonjwa wake wataachwa viziwi kwa ajili ya tarehe. Akairudisha tarehe nyuma miaka sita, akaiweka programu upya, na tangu hapo kalenda ya mashine inakwenda mbele taratibu kama vile hakuna kilichotokea. Wanafunzi wa mazoezi kila mara walitaka kuisahihisha wakidhani wanamsaidia, ndiyo maana akabandika plasta. Tarehe ya kweli anaiandika kwa mkono kwenye kadi ya mgonjwa.

"Ikiiona tarehe ya kweli mara moja tu, inajifunga. Haifunguki tena, na diski ya kuiweka upya ilishaharibika," akasema. "Na ramani zote zimo ndani yake. Hakuna programu nyingine inayozisoma."

Sikuhitaji kuambiwa zaidi. Kitu cha kwanza ambacho mfumo mpya hufanya ukianza ni kusahihisha saa na tarehe.

"Basi turudishe saa nyuma kidogo, ifikirie ni saa nane," nikasema.

"Ikiona saa imerudi nyuma, inajifunga vilevile."

"Tuizime."

"Ukiizima, nikiiwasha si itaanza palepale ilipoishia? Na huyu hapa nampimaje kwa mashine iliyozimwa?"

Nikajaribu kuufuta ule mpango wa saa kumi. Skrini ikanidai neno la siri la Mkuu wa kitengo. Nikajaribu kulifuta faili lenyewe. Neno la siri la Mkuu. Na sasa sikilizeni fedheha yangu: lile kufuli nililipigania mimi. Kwenye kikao niligonga meza, nikasema wafanyakazi wanafuta mifumo yetu kwa uvivu, ifungwe, fundi aweze kuanzisha lakini kufuta abaki nako Mkuu peke yake. Wakanipigia makofi.

Nikampigia simu.

"Mkuu, kuna mashine nataka uisimamishe. Chumba cha masikio. Fomu niliijaza vibaya."

"Wewe? Vibaya?" Alifurahi, nilimsikia kabisa akifurahi. "Haya, niandikie barua. Kesho nitaiangalia."

"Kesho itakuwa imekufa! Nipe neno la siri sasa hivi, nakuomba."

"Silitoi kwa simu. Utaratibu huo uliuleta nani?"

"Mimi."

"Basi. Niko kikaoni, mji wa pili huku. Sahihi iliyopo kwenye fomu ni yako, si yangu." Akakata.

Niligeuka nikamkuta mama mkwe ananitazama. Mtu aliyenyimwa sikio husoma uso, na uso wangu haukuwa wa kuonyesha mtu. "KUNA NINI?" akapaza. Nikashika kalamu. Nikaandika: *Hakuna kitu.* Ilikuwa mara ya pili siku hiyo naandika "hakuna" isiyokuwa kweli, na safari hii nilijichukia.

Saa tisa na dakika thelathini na mbili. Bi Polepole alikuwa amefika pointi ya tisa. Nikasimama nyuma yake nikijing'ata kucha, nikiupitia ukaguzi wangu wote kichwani tangu mwanzo, kumbukumbu, umri wa mashine, nafasi. Nafasi! Dakika tano kabla ya kuanza, mfumo hupima nafasi kwa mara ya mwisho. Ukikuta chini ya giga thelathini, unasusa mpaka kesho saa ileile. Kwa miezi miwili nilikuwa nafuta mapicha na miziki ya watu ili mashine zao zipate nafasi. Sasa nilihitaji kuijaza hii ishibe.

Mfumo wenyewe ulishachukua giga nne, arobaini na moja zilikuwa wazi. Nikachomeka diski yangu, nikaifungua. Kitu kikubwa kuliko vyote humo kilikuwa folda ya video za mafunzo ya usalama kazini, giga nane, kwamba usikimbie kwenye ngazi na usishike umeme kwa mikono yenye maji. Hakuna binadamu aliyewahi kuzitazama mpaka mwisho. Nikazinakili.

Mashine ikaguna. Namba ikaanza kushuka, arobaini na nusu, arobaini. Halafu skrini nzima ikakwama, na mama mkwe akapiga ukelele, akajishika kichwa kwa mikono miwili. Mlio wa kipimo ulikuwa umekwama ndani ya kichwa chake, hauzimiki. Bi Polepole akamchomoa kifaa kwa mkono mmoja.

"Simamisha!" akanifokea. Yeye, Bi Polepole, anafoka! Nikasimamisha. Mama mkwe alikuwa anatetemeka, machozi yanamlenga. Nikamshika bega, akanisukuma.

"Mashine haiwezi kazi mbili," Bi Polepole akasema akihema.

"Basi acha kupima kwanza nijaze. Ikipita saa kumi kasoro dakika tano, utapima mpaka kesho."

"Na kama hila yako ikishindwa? Huyu mama atatoka hapa na nini?"

"Basi tuache kujaza, umalizie yeye tu." Nalisema kama lilivyonitoka. Ndiyo, nilitaka kuokoa wa kwangu, wengine wajue watakavyojua.

Akanitazama. "Nina watu mia mbili na kumi na mmoja wengine humu ndani. Wa mwisho ana miaka mitatu." Akamrudishia mama mkwe kifaa, akamsubiri apumue, akampigapiga mkono. "Tutafanya yote mawili. Nikipima, usiguse kitu. Nikiandika, nakili. Nikiinua kidole, acha hapohapo."

Hivyo ndivyo tulivyofanya. Mlio, mama mkwe anainua mkono kuonyesha kiasi alichosikia, Bi Polepole anaandika, mimi nanakili. Kidole juu, naacha. Uandishi wake wa konokono, ule ambao tumeucheka miaka yote, ndio ulionipa nafasi ya kupumua, na nikawa naomba aandike taratibu zaidi, na papo hapo naomba amalize upesi. Pointi ya kumi. Giga thelathini na saba. Pointi ya kumi na moja. Jasho lilikuwa linanitiririka mgongoni kama nimebeba magunia.

Saa tisa na dakika arobaini na sita folda ya kwanza iliisha. Thelathini na tatu. Nikaanza kuinakili tena, video zilezile kwa jina jingine.

Simu yangu ikatetemeka. Mkuu. Nikaifunga.

Dakika ya hamsini. Thelathini na moja na nusu. Mama mkwe alikuwa ameshang'amua kwamba hatupimi tu masikio. Macho yake yalikuwa yanakwenda kwenye kidole cha Bi Polepole, kwenye mkono wangu, kwenye ile namba. Hakuuliza tena. Alikaa wima mikono mapajani, akawa anajibu kila mlio haraka, bila kusita, kama mtu aliyeamua kusaidia kazi asiyoijua.

Dakika ya hamsini na tatu. Thelathini nukta saba. Pointi ya kumi na sita ilikataa. Mama mkwe hakuinua mkono. Bi Polepole akaongeza sauti, hola. Akaongeza tena. Muda wote huo kidole chake kilikuwa juu, na mimi mkono umeniganda, siruhusiwi kitu. Nilitaka kupiga mayowe.

"Andika lolote!" nikasema. "Ruka, twende!"

"Siruki."

Akatoa kifaa, akafuta kile kisumaku kinachoshika kichwani, akakirudisha kwa upole uleule wa siku zote. Mlio. Mkono wa mama mkwe ukapanda. Kidole kikashuka, na mimi nikabonyeza kwa nguvu mpaka meza ikasogea.

Thelathini nukta tatu. Thelathini nukta mbili. Video ya kuinua mizigo mizito ilikuwa inapita, ndefu, nzito, sijawahi kuipenda video kiasi kile. Dakika ya hamsini na nne. Thelathini nukta moja. Bi Polepole alikuwa ameweka kalamu juu ya kadi, haandiki, anangoja tu. Thelathini kamili. Namba ikagoma hapo. Nikaikodolea macho, nikaitukana kwa mama yake.

Ishirini na tisa nukta tisa.

Kikaibuka kisanduku. *Inapima nafasi.* Duara dogo likaanza kuzunguka, likazunguka, likazunguka. Nilimshika Bi Polepole bega bila kujua.

*Nafasi haitoshi. Mfumo hautawekwa. Jaribio lingine: kesho saa 10:00 jioni.*

Nikaketi chini sakafuni. Bi Polepole akasema, "Pointi ya kumi na saba," akaendelea.

Nikiwa palepale sakafuni nikafungua simu, nikampigia Mkuu, nikamwambia mashine ya chumba cha masikio haiko tayari na haitakuwa tayari mpaka ramani zote zitolewe humo. Nikamwambia kuhusu tarehe, na kwamba "hakuna" ya kwenye fomu niliiandika mwenyewe bila kumuuliza mtu. Akaniambia nijue hilo lina adhabu. Nikamwambia najua, aje na neno lake la siri kabla ya kesho saa kumi, ndipo aniadhibu. Safari hii nilikata mimi.

Ilikuwa saa kumi na nusu Bi Polepole alipoingiza ramani. Akaniita nisimame nyuma ya mama mkwe, asiuone mdomo wangu. "Sema neno," akanong'ona. "Lolote. Kawaida tu."

Nikaona kisogo chake, mvi zilizonyolewa kidogo pale kifaa kinapokaa, kidole chenye bandeji kimelala pajani.

"Mama," nikasema.

Hakujibu. Bi Polepole alimtazama usoni, hakuitazama skrini.

"Mama, ni mimi. Unanisikia?"

"Mbona unalia?" akasema mama mkwe. Hakugeuka, na hakupaza.

"Silii."

"Unalia. Nakusikia. Nani kakuliza?"

Ningeweza kumwambia hakuna. Lilikuwa mdomoni tayari.

"Asubuhi nilikuja kuikagua mashine hii," nikasema. "Nikaona nimalize haraka. Nikasaini kwamba iko tayari bila kumuuliza huyu dada kitu. Ilibaki kidogo niizime ramani yako, mama, yako na ya watu wote. Kwa mkono wangu. Nisamehe."

Nje kwenye korido mtu alikuwa anasukuma kitanda chenye gurudumu bovu, kikawa kinalia kwii, kwii, na nikaona kichwa cha mama mkwe kikikifuata mpaka kilipokata kona.

"Sema tena," akasema.

"Nini, hukusikia?"

"Nimesikia. Sema tena tu."

Nikasema tena.